Mashini ikisoma namba kombo: dalili na dawa za programu ya kuandika kiasi kwa maneno ya Kiingereza

Hapa Lubumbashi mzigo mwingi unaingia kwa njia ya Kasumbalesa, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, karatasi ni za Kiingereza. Ndiyo maana sekretariati za mtaani, zile zenye kompyuta moja na printa moja chini ya mwavuli, zimejaa makro za Excel (programu ndogo zinazokaa ndani ya faili) na vijiprogramu vya kugeuza kiasi cha fakture, yaani ankara, kuwa maneno: 1 250 iwe "one thousand two hundred and fifty dollars". Mimi huletewa zile zilizoanza kusema ovyo.

Baada ya kufungua nyingi, nimeacha kuanza na maneno. Sokoni tunahesabu kwa Kiswahili, shuleni tulihesabu kwa Kifaransa, kisha tunataka mashini iseme Kiingereza. Kasoro nyingi zimekaa kwenye mishono ya lugha hizo tatu: ama namba imeshaharibika kabla haijafika kwenye maneno, ama maneno yamepangwa kwa kanuni ya lugha jirani. Hesabu yenyewe mara chache sana ndiyo yenye kosa.

Kabla hujagusa mstari wowote

Weka nakala ya faili pembeni. Kisha ingiza namba hizi kwa mkono, moja moja, na uandike majibu kwenye karatasi: 0, 7, 13, 14, 20, 21, 40, 100, 105, 113, 1000, 1001, 12500, 100000, 1000005, 2500000000. Ongeza 19.99, 12.999 na -3. Usibandike kutoka kwenye faili nyingine, chapa mwenyewe, bila nafasi wala alama katikati ya tarakimu. Kama mashini yako ni ya Kifaransa, desimali iweke kwa mkato.

Zote zikitoka sawa na fakture ya mteja bado inakosea, ugonjwa uko mlangoni, pale namba inapoingia: soma dalili ya kwanza. Mojawapo ikikosea, ruka hadi dalili inayofanana nayo.

Dalili: 1 250 inatoka "one", au "one dollar and twenty-five cents"

Hii ndiyo malkia wa makosa yote ya kwetu. Sababu ya kwanza ni alama za kutenganisha. Kifaransa hutenga maelfu kwa nafasi, au kwa nukta, na desimali kwa mkato. Kiingereza ni kinyume: mkato kwa maelfu, nukta kwa desimali. Programu iliyoandikwa kwa desturi ya Kiingereza ikipewa namba ya Kifaransa haijui inaambiwa nini, na ubaya ni kwamba baadhi ya lugha za kompyuta hazilalamiki. JavaScript ukiiambia parseFloat("1,250") inakujibu 1, kimya kabisa, na "1 250" vilevile. VBA, lugha ya makro za Excel, nayo ina Val, ambayo inaitambua nukta tu: Val("1250,50") ni 1250, na senti hamsini zimeyeyuka. Python angalau ina adabu. Humo float("1,250") inakataa na kutoa ValueError. Programu inayokataa ni afadhali kuliko inayobuni.

"One dollar and twenty-five cents" ina historia yake. Mtu aliona mkato unasumbua, akaamua kugeuza kila mkato kuwa nukta. Mia mbili hamsini na elfu yake ikawa dola moja na robo.

Angalia kwanza jambo rahisi: kwenye Excel, namba imelala upande gani wa seli? Ikilala kushoto bila wewe kuipanga hivyo, hiyo ni maandishi, si namba. Ifute, chape 1250, ona.

Dawa ya kina ni kuamua, kabla ya kusafisha, alama ipi ni ya desimali. Wengi hutumia kanuni hii: alama ya mwisho ikifuatwa na tarakimu mbili, ni senti; ikifuatwa na tatu, ni maelfu. Kwa pesa inafaa. Kwa mizani, jihadhari. Tani za shaba huandikwa mpaka kilo, tarakimu tatu baada ya mkato. "24,500" kwetu ni lori moja lenye tani ishirini na nne na nusu. Kwa msomaji wa Kiingereza ni tani elfu ishirini na nne na mia tano, msafara wa malori karibu elfu moja. Pale ambapo alama inaweza kusomwa kwa njia mbili, programu isikisie. Isimame, iulize.

Sababu ya pili haionekani kwa macho: nafasi isiyo nafasi. Mashini ya Kifaransa ikitenga maelfu hutumia nafasi maalumu isiyokatika, ya namba 160 katika orodha ya herufi za kompyuta, au ile nyembamba ya namba 8239. Ukinakili kiasi kutoka PDF, unazinakili pamoja nacho. Unaiambia programu ifute nafasi, inafuta ya kawaida, hizi zinabaki. Katika Excel ya Kifaransa andika =SUBSTITUE(A1;CAR(160);""), na kwa ile nyembamba weka UNICAR(8239) badala ya CAR(160). Katika Python, "".join(s.split()) inazifagia zote kwa mpigo mmoja.

Sababu ya tatu ni nadra: herufi O imekaa pahali pa sifuri, au l pahali pa moja. Hutokea kwa karatasi zilizopigwa skana.

Dalili: seli inaandika #NOM?

Hapa programu haijakosea, haipo. Excel haina fomula yake ya kuandika namba kwa maneno ya Kiingereza. Kichekesho ni kwamba inayo ya Kithai, BAHTTEXT, kwa pesa ya Thailand. Sisi wengine tunategemea makro. Ile inayozunguka mikononi mwa watu, SpellNumber, Microsoft yenyewe iliitoa kama mfano wa kunakili.

Sababu ya kawaida: faili ilihifadhiwa kama .xlsx, na .xlsx haibebi makro. Hifadhi upya kama .xlsm. Ya pili: faili imekuja kwa WhatsApp au barua pepe, na tangu 2022 Excel huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, ingia Propriétés, weka alama kwenye Débloquer. Ya tatu: msimbo umebandikwa ndani ya ukurasa wa Feuil1 badala ya Module ya kawaida.

Kwenye Débloquer simama kidogo. Makro inaweza kufanya mengi zaidi ya kuandika "forty". Kama hujui aliyeiandika, usiifungulie kwenye mashini yenye hesabu za kazi. Na kama faili ni ya mhasibu na makro imefungwa kwa neno la siri, si kazi yako kulivunja; mpigie aliyeifunga.

Dalili: inafanya kazi kwa namba ndogo, kubwa zinaiangusha

Tafuta namba ambayo mambo yanaharibikia. Yenyewe inataja sababu. Ikianguka baada ya 32 767 na kuandika Overflow, aliyeandika VBA alitumia aina ya Integer. Ikianguka, au ikageuka kuwa hasi, baada ya 2 147 483 647, ni namba kamili ya biti 32. Kwa dola mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kufika hapo, kwa franga za Kongo kampuni moja ya malori inafika. Programu nyingi zilipimwa kwa dola tu, na zinakufa siku ya kwanza ya franga.

Wazee wanaokumbuka noti ya zaire milioni tano, ile iliyotolewa mwishoni mwa 1992 na wafanyabiashara wakaikataa, hawashangai. Nchi hii namba kubwa si nadharia.

Katika VBA badilisha Integer au Long kuwa Currency, ambayo inabeba zaidi ya trilioni mia tisa na senti zake bila kupotosha. Katika Python namba kamili hazina kikomo, basi ukiona tatizo hili huko, tafuta hifadhidata iliyo nyuma yake. Na kama kosa liko kwenye safu ya hifadhidata inayotumika kila siku, usibadilishe aina ya safu ukiwa na watu wanaingiza fakture. Hapo unamwita anayeitunza, na unasubiri saa za kufunga.

Jambo moja la pembeni: Excel inashika tarakimu 15 tu. Ya 16 na kuendelea inakuwa sifuri. Namba ya akaunti au ya simu si kiasi. Ihifadhi kama maandishi na uisome tarakimu kwa tarakimu, la sivyo sifuri ya mbele nayo itapotea.

Dalili: senti moja imepungua

19.99 inatoka "nineteen dollars and ninety-eight cents". Mteja anadhani unamwibia. Sababu ni kwamba kompyuta hushika desimali kwa mfumo wa mbili, na 19.99 haikai humo kikamilifu. Ukizidisha kwa 100 unapata 1998.9999999999998, na programu ikikata mkia inabaki na 1998. Si kila namba inaonyesha hivyo, ndiyo maana kosa linaonekana siku moja na kutoweka siku tatu.

Kuna ndugu yake anayekera zaidi. Seli inaonyesha 13,00 na maneno yanasema "Twelve Dollars and Ninety Nine Cents". Hapo umegawanya franga kwa bei ya dola ukapata 12,999. Excel imekuonyesha iliyokadiriwa, lakini ndani imebaki ileile, na SpellNumber huchukua tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta bila kukadiria. Dawa ni kukadiria kabla: =SpellNumber(ARRONDI(A1;2)).

Katika programu ya kuandika mwenyewe, geuza kiasi chote kuwa senti kamili kwanza, kadiria mara moja, kisha ndipo utenge dola na senti. Ukikadiria senti peke yake, siku moja 7.996 itatoka "seven dollars and one hundred cents". Wanaotumia Python wachukue Decimal, tena waipe maandishi, Decimal("19.99"), si namba iliyokwisha kupita kwenye float, ile desimali ya mfumo wa mbili.

Dalili: "ten three", "one hundred zero", au -3 kusomwa "seventeen"

"Ten three" ni Kiswahili kilichovaa koti la Kiingereza. Kwetu kumi na tatu ni kumi, kisha tatu, na mtu anayefikiri hivyo huandika programu inayokata namba tarakimu kwa tarakimu. Kiingereza kina neno la peke yake kwa kila namba mpaka 19, basi unahitaji orodha ya maneno ishirini, kutoka "zero" mpaka "nineteen", na swali la kwanza la programu liwe: je, namba iko chini ya 20? Kutenga makumi na mamoja ni baada ya hapo.

Kama 13 ni sawa lakini 113 inatoka "one hundred ten three", swali hilo limeulizwa mwanzoni tu. Baki ya mia lazima nayo ipite mlango uleule. Pima pia 1013 na 13000.

"One hundred zero" na "twenty zero" ni baki ya sifuri inayotamkwa bila kuulizwa. Sifuri isemwe pale tu ambapo namba nzima ni sifuri. Kinyume chake pia kipo: mtu amefuta neno "zero" kwenye orodha, na sasa 0 inatoa nafasi tupu. Vibaya zaidi, orodha yote imesogea hatua moja, 7 inasomwa "eight". Ukiona kila kitu kimezidi kwa moja, hesabu maneno ya orodha kabla ya kushuku chochote kingine.

Namba hasi nayo ni kali katika Python. Ukiomba kipengele cha -3, Python haikatai. Inahesabu kutoka mwisho wa orodha, na wa tatu kutoka mwisho ni "seventeen". Hata -1 inakuwa "nineteen". Unapata neno zuri, sahihi kwa tahajia, na uongo mtupu. Ondoa alama ya kutoa mwanzoni kabisa, andika "minus", kisha endelea na namba chanya.

Dalili: 12 500 inatoka "one hundred and twenty-five thousand"

Mama mmoja wa vitenge alinijia na karatasi hii akicheka: "Papa, mashini yako imenitajirisha." Mimi sikucheka, kwa sababu ya kitu nitakachokieleza chini.

Programu ilikata makundi ya tarakimu tatu kuanzia kushoto: 125, halafu 00. Makundi hukatwa kuanzia kulia. Usikate maandishi, gawanya kwa 1000 na uchukue baki, kisha rudia kwa kilichosalia. Namba za tarakimu 6 au 9 hazionyeshi kosa hili hata kidogo, kwa hiyo anayepima kwa 100000 tu anaondoka ameridhika.

Ukiona "one million thousand five" kwa 1000005, kundi la katikati ni tupu lakini neno "thousand" limeandikwa tu. Kundi likiwa sifuri, ruka na jina lake.

Dalili: mabilioni hayaelewani

2 500 000 000 kwa Kiingereza ni "two billion five hundred million". Kwa Kifaransa ni "deux milliards cinq cents millions". Kifaransa nacho kina neno "billion", ila ni elfu ya milliard, mara elfu zaidi. Ufaransa iliithibitisha hesabu hiyo kwa amri ya 1961. Waingereza nao zamani walihesabu hivyohivyo, mpaka serikali ya Harold Wilson ilipotangaza mwaka 1974 kwamba takwimu zake zitafuata billion ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja. Kamusi ya babu iliyoko rafuni inaweza kukuongopea bila nia mbaya.

Sababu ya kwanza basi ni jedwali lililotafsiriwa kutoka programu ya Kifaransa: million, milliard, billion. Weka thousand, million, billion, trillion. Bilioni yetu ya Kiswahili inafuata Kiingereza, kwa hiyo mtu wa Lubumbashi husema bilioni na milliard kwa kiasi kilekile ndani ya sentensi moja, na hachanganyikiwi; mashini ndiyo inachanganyikiwa. Sababu ya pili, adimu: maktaba ya num2words ya Python imewekewa en_IN, Kiingereza cha India, na 100 000 inatoka "one lakh". Ndiyo laki yetu ileile, lakini karani wa ng'ambo ya mpaka haitaki. Weka en.

Karatasi ikiwa na Kifaransa na Kiingereza pamoja, soma zote mbili kwa sauti.

Dalili: namba ni sawa, maandishi yana aibu

"Fourty" ni kosa. Ni "forty", ingawa "four" na "fourteen" zina u. "Ninety" ina e. "Eighteen" ina t moja.

"Two hundreds", "three millions": hiyo s ni ya Kifaransa, deux cents, trois millions. Kiingereza hakiiweki baada ya namba.

"Thousand two hundred" bila "one" pia ni Kifaransa, kwa sababu mille haitaki un. Hili lirekebishe leo, si kesho. Neno "thousand" likianza mstari na nafasi mbele yake, mtu mwenye kalamu anaweza kuongeza "nine".

Kistari kinakaa kati ya makumi na mamoja tu, kutoka "twenty-one" mpaka "ninety-nine". Kuunganisha kila neno kwa kistari ni pendekezo la tahajia ya Kifaransa la 1990. Kuhusu "and" baada ya "hundred", Waingereza huiweka na Wamarekani wengi huiacha. Zambia imerithi Kiingereza cha Uingereza, mimi huiweka.

Pa kusimama

Nilisema sikucheka. Sheria ya hundi iliyokubaliwa Geneva mwaka 1931, katika kifungu cha 9, inasema kiasi cha maneno na cha tarakimu vikitofautiana, kinacholipwa ni cha maneno. Watu wengi wanadhani maneno ni pambo.

Kwa hiyo: karatasi ikiwa haijatoka mikononi mwako, tengeneza programu na uchape upya. Ikiwa imeshasainiwa, imeshapigwa muhuri au imeshafika forodhani, usiirekebishe kwa kalamu wala usichape nyingine yenye namba ileile ya fakture. Mpigie wakala wa forodha au mhasibu, umweleze kosa lilivyo. Ikiwa ni hundi, mwenye hundi azungumze na benki yake siku hiyohiyo. Na ukigundua programu imekuwa ikikosea kwa miezi, usiifute wala kuifunika. Ihifadhi ilivyo, kwa sababu mhasibu atahitaji kujua ni fakture zipi zimepita humo.

Dalili ya mwisho: kwenye skrini ni sawa, kwenye karatasi imekatika

Programu haina kosa. Kisanduku cha fomu kina herufi 60, maneno yanakatwa, na "seven hundred thousand" inabaki "seven hundred" bila mtu kuona. Pima kisanduku kwa 777 777,77, moja ya namba ndefu kuliko zote za tarakimu sita. Ikiandikwa pamoja na "dollars" na "cents" ni herufi 104, nafasi na vistari vikihesabiwa. Ikikatika, punguza ukubwa wa herufi au ongeza mstari wa pili, na uiambie programu ikatae kuchapa maneno yakizidi nafasi.